MILIMA HAIKUTANI: MAISHA YA ERIC SHIPTON, MSAFIRI WA HIMALAYA

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Aghalabu tunaitumia methali hii tunapoagana, au tunapomkanya mtu asimtendee mwenzake uovu kwa kudhani kwamba hawataonana tena. Katika makala haya tunaitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yenyewe. Kirinyaga haujapata kukutana na Nanda Devi, mlima wa Himalaya ambao wenyeji wake huuheshimu kama mungu wa kike. Hata hivyo, wanaume wawili waliojuana kwa sababu ya Kirinyaga ndio walioongoza kundi la kwanza linalojulikana kufika katika bonde lililo chini ya Nanda Devi. Majina yao ni Eric Shipton na Bill Tilman.

Ukiuliza darasani ni nani waliokuwa wa kwanza kufika kileleni mwa Everest, utajibiwa bila kusita kuwa ni Edmund Hillary na Tenzing Norgay. Ni wachache watakaokumbuka aliyempa Tenzing kazi yake ya kwanza mlimani, akaitambua na Hillary njia ya upande wa Nepali, kisha akavuliwa uongozi miezi michache kabla ya safari iliyofanikiwa. Huyo ni Shipton, ambaye maisha yake ndiyo tunayoyasimulia hapa. Tutakawia zaidi katika mwaka wa 1934, kwa kuwa tunaamini kwamba safari aliyoifanya mwaka huo pamoja na rafikiye ndiyo inayomweleza kuliko kilele chochote.

Kuzaliwa na kukua

Eric Earle Shipton alizaliwa tarehe 1 Agosti 1907 katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Baba yake, Mwingereza aliyekuwa mkulima wa majani chai, alifariki kabla mtoto hajatimiza umri wa miaka mitatu. Mama alikuwa mtu wa safari, hivyo Eric na dadake walilelewa wakihama kutoka nchi hadi nchi, mara Ceylon, mara kusini mwa India, mara Ufaransa, mara Uingereza. Huenda ndiyo sababu hakupata kuona mahali popote kuwa pa kukaa daima.

Shuleni mambo hayakumwendea vyema. Alichelewa sana kujua kusoma. Herufi zilimchanganya, na walimu walimdhania kuwa mzembe au mtoto mzito wa akili. Siku hizi wataalamu wangeitambua hali hiyo kuwa tatizo la kusoma ambalo halihusiani na upungufu wa akili, lakini siku zile mtoto wa namna hiyo aliadhibiwa. Alishindwa mtihani wa kuingia katika shule ya watu wa tabaka lake na hakupata kusoma chuo kikuu. Ni jambo la kuzingatiwa na sisi wanafunzi wa lugha kwamba mtoto huyo ndiye aliyekuja kuandika vitabu kadhaa vya safari ambavyo vingali vinasomwa, kikiwamo kile cha Nanda Devi kilichotoka mwaka wa 1936 na tawasifu iliyotoka mwaka wa 1969. Kilichomfungulia mlango wa vitabu ni picha na habari za milima. Alianza kuitazama picha, kisha akataka kujua maelezo yake, na kwa njia hiyo akajifunza kuyapenda maandishi. Katika ujana wake alikwenda kupanda milima ya Norwe na ya Alps, na alipotimiza miaka ishirini alikuwa ameshajua anachokitaka.

Kirinyaga na barua kutoka Sotik

Mwaka wa 1928 Shipton aliwasili Kenya kujifunza kilimo cha kahawa katika shamba moja la walowezi karibu na Nyeri. Kutoka hapo aliweza kuuona Mlima Kenya kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Mnamo Januari 1929 alipanda mlima huo pamoja na Percy Wyn-Harris, afisa kijana wa serikali ya kikoloni. Kilele cha Batian chenye mita 5,199 kilikuwa kimefikiwa mara moja tu, mwaka wa 1899, na Halford Mackinder na wenzake wawili. Kilele jirani cha Nelion, chenye mita 5,188, kilikuwa bado. Shipton na Wyn-Harris walikipanda Nelion, wakavuka pengo la barafu lililo kati ya vilele hivyo viwili, wakafika Batian. Mafanikio hayo yalitangazwa magazetini.

Miongoni mwa walioisoma habari hiyo alikuwa mlowezi mmoja wa Sotik, Harold William Tilman, aliyejulikana kwa jina la Bill. Tilman alizaliwa mwaka wa 1898. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza akiwa mvulana tu, akatunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili, na baada ya vita akapata shamba Kenya kwa bahati nasibu iliyoandaliwa kwa askari Waingereza waliostaafu. Alimwandikia Shipton barua ya kumwomba ushauri kuhusu upandaji milima. Barua hiyo ilizaa urafiki wa takriban miaka hamsini.

Mapema mwaka wa 1930 wawili hao walipanda Kibo na Mawenzi kule Kilimanjaro. Katikati ya mwaka huo wakaja Kirinyaga na kuupanda kwa mgongo wa magharibi, njia ambayo hakuna aliyekuwa ameipitia. Katika safari hiyo hiyo, walipokuwa wakishuka kilele kidogo kando ya Batian, Tilman aliteleza, akaanguka na kuning'inia kwenye kamba akiwa amezirai. Shipton alimshikilia, akamteremsha taratibu hadi mahali salama. Tilman alipozinduka hakukumbuka alipokuwa wala alivyofika pale. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya kuulizana iwapo mmoja aweza kumwamini mwenziwe. Mwanzoni mwa mwaka wa 1932 walisafiri pamoja tena, mara hii katika mvua na matope ya Ruwenzori.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya hulipita kimyakimya. Shamba la Tilman lilikuwa katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na bahati nasibu iliyompa haikuwauliza wenyewe. Vijana hawa waliweza kuacha kahawa ikikua na kwenda mlimani kwa sababu kulikuwa na vibarua Waafrika walioipalilia kwa ujira mdogo. Isitoshe, vilele walivyovipanda vilibeba majina ya viongozi wa Kimaasai, na mlima wenyewe ulikuwa kiti cha Ngai kwa Wagikuyu kabla Mzungu yeyote hajauona. Hayo hayafutiki. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shipton alikuwa na tabia moja iliyomtenganisha na wasafiri wengi wa enzi yake, na tabia hiyo ilidhihirika alipofika Himalaya.

Himalaya ya misafara mikubwa

Shipton aliiona Himalaya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, alipoalikwa na Frank Smythe kupanda Kamet, mlima wa mita 7,756. Walifika kileleni, na wakati huo hakuna kilele kirefu zaidi kilichokuwa kimefikiwa na binadamu. Mwaka wa 1933 alichukuliwa katika msafara wa Everest ulioongozwa na Hugh Ruttledge. Huo ulikuwa msafara wa kifalme. Wanyama wa mizigo na wapagazi kwa mamia walibeba mahema makubwa, viti, masanduku ya vyakula vya makopo na vinywaji. Shipton alipanda hadi juu ya mita 8,000 lakini mwili ukakataa, akarudi. Msafara mzima ulirejea bila kilele.

Katika kurejea alijiuliza maswali. Je, vitu vyote vile vilimsaidia mpandaji au vilimfunga? Mbona wenyeji wa Himalaya huvuka milima yao na mfuko wa unga begani? Alipokuwa Kenya alikuwa amezoea kupanda na mwenzake mmoja, kamba na chakula cha siku chache. Kwa nini isiwezekane huku? Tilman, ambaye mwaka huo huo wa 1933 aliondoka Kenya kwa kuvuka Afrika kwa baiskeli hadi pwani ya magharibi, alikuwa tayari kumsaidia kulijibu swali hilo.

Safari ya mwaka wa 1934

Nanda Devi una urefu wa mita 7,816 na uko Garhwal, kaskazini mwa India. Umezungukwa na ukuta wa milima wenye mzingo wa kilomita zipatazo 110, na karibu ukuta wote ni mrefu kupita mita 5,000. Una mwanya mmoja tu upande wa magharibi, na mwanya huo ni korongo la mto Rishi Ganga ambalo magenge yake hushuka wima hadi majini. Wasafiri walikuwa wakijaribu kulipenya tangu mwaka wa 1883. Mmoja wao, Tom Longstaff, alifaulu kuchungulia ndani kutoka juu ya ukuta mwaka wa 1905, lakini hakushuka. Ruttledge naye alijaribu zaidi ya mara moja, akashindwa.

Shipton na Tilman waliondoka Uingereza kwa meli ya mizigo mnamo Aprili 1934. Huko India walijiunga na Washerpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang. Hao watano ndio waliokuwa msafara wote. Gharama ya miezi mitano, pamoja na nauli za meli, haikufika pauni 300, kiasi ambacho msafara wa Everest ungekitumia kabla haujafungua masanduku.

Walipunguza kila kitu. Chakula chao kilikuwa unga, mchele, samli, dengu, sukari, chai na unga wa shayiri iliyokaangwa ambao Washerpa huutegemea. Wote watano walikula chungu kimoja na kubeba mizigo iliyolingana. Jambo hili halikuwa dogo katika dola la Waingereza la siku zile, ambamo bwana alitembea mikono mitupu na mpagazi akainama. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shipton aliujua uzito wa mizigo ya wenzake kwa kuwa aliibeba, na ndiyo sababu hakufunga mzigo usio na maana. Katika maandishi yake aliwataja Washerpa hao kwa majina, akaeleza hulka na mizaha yao, na hakuficha kwamba mara nyingi wao ndio waliomwokoa.

Mnamo mwezi wa Mei walianza kulipanda korongo la Rishi. Baadhi ya wapagazi waliokodiwa kuwasindikiza waliona theluji nyingi, wakarudi, na waliobaki wakalazimika kugawana mizigo. Ndani ya korongo walitambaa juu ya kingo nyembamba za mawe, mto ukivuma mamia ya mita chini yao. Mara kwa mara njia ilikwisha kabisa mbele ya jabali, kisha ikaonekana kuendelea kwenye ufa ambao hawakuutarajia. Wapagazi walipoagwa, watano wale walibeba vyakula kwa zamu, wakienda na kurudi kipande kwa kipande, hata kilomita chache za mwisho zikala siku nyingi. Mto walilazimika kuuvuka kwa miguu, maji ya barafu yakiwafika kiunoni na kuwasukuma kama majani makavu.

Hatimaye kuta za korongo ziliachana. Mbele yao palitandaa malisho ya kijani, maua, na makundi ya kondoo mwitu ambao hawakuwakimbia. Katikati ya yote ulisimama Nanda Devi. Wenyeji wa Garhwal walikuwa wameliimbia na kuliombea bonde hilo kwa karne nyingi, lakini hapakuwa na habari ya mtu aliyewahi kufika pale. Kwa wiki kadhaa walizunguka sehemu ya kaskazini, wakipima na kuchora ramani. Chakula kilipokaribia kwisha na dalili za mvua zikaonekana, walitoka kwa njia ile ile.

Msitu wa mianzi

Pepo za kusi ambazo huwapeleka mabaharia wa pwani yetu kaskazini huendelea kuvuka Bahari ya Hindi na kuimwaga mvua yake katika milima ya Himalaya. Katika miezi hiyo ya mvua Shipton na Tilman walikwenda Badrinath, penye hekalu kuu la Vishnu. Mahujaji husimulia kwamba zamani za kale kuhani mmoja alihudumu Badrinath na Kedarnath, hekalu la Shiva, katika siku moja. Kwa barabara ya mahujaji mwendo huo huchukua siku nyingi, kwa hiyo ilidhaniwa kuwa kuna njia ya mkato juu ya milima. Marafiki hawa waliamua kuitafuta.

Waliupanda mto wa barafu, yaani barafu nene iteremkayo polepole kutoka mlimani, wakafika ukingoni na kuchungulia upande wa pili. Ulikuwa umefunikwa na ukungu. Walishuka mporomoko wa barafu iliyopasukapasuka, mahali ambapo wasingeweza kupanda tena kwa urahisi, wakiamini kuwa Kedarnath haiko mbali. Walichokikuta chini ni bonde lenye msitu wa mianzi uliosongamana, usio na njia, na mvua isiyokoma. Siku nzima ya kukatakata mianzi iliweza kuwapa kilomita moja na ushei tu. Vijito vilivyoshuka kutoka kando vilikuwa vimefurika, na kila kimoja kilihitaji kutengenezewa daraja la gogo au kuvukwa kwa kushikana mikono.

Chakula kikaisha. Walichuma machipukizi ya mianzi na uyoga wa msituni, wakavichemsha. Machipukizi hayo hupendwa pia na dubu, na mara nyingine waligundua kuwa dubu amewatangulia. Ni Washerpa waliojua ni uyoga upi wa kuliwa na jinsi ya kuwasha moto kwa kuni zilizolowa. Bila maarifa hayo, Waingereza wawili wenye ramani wangeishia humo. Walipotokea kijiji cha kwanza walikuwa wamekonda na kuchanikachanika, lakini wote watano walikuwa wazima. Kuhani wa hadithi, kama aliwahi kuwapo, hakupitia njia ile kwa siku moja.

Mtu mwingine angefunga virago. Wao walipumzika kidogo, wakanunua unga, na mwisho wa Agosti wakalipenya tena korongo la Rishi ili kuichunguza sehemu ya kusini. Huko waliupanda mlima Maiktoli wa mita 6,803, na waliukagua mgongo wa kusini wa Nanda Devi wakaona kuwa unapandika. Mnamo Septemba walitoka kwa kuvuka ukuta wenyewe upande wa kusini na kushuka magenge ya barafu yenye kutisha hadi bonde la Sunderdhunga. Kwa hiyo waliingia kwa mlango na kutokea juu ya ua.

Namna ya urafiki wao

Msomaji atadhani kuwa watu waliofungwa kamba moja miaka yote hiyo waliitana kwa majina ya utani. La hasha. Kwa miaka mingi waliitana kwa majina ya ukoo tu, kama makarani wa ofisi moja. Shipton amesimulia kwamba siku moja alimwomba mwenzake amwite Eric. Tilman aliona haya, akainamisha kichwa, na hatimaye akakiri kuwa jambo lenyewe lingesikika kama upuuzi. Shipton alipenda mazungumzo na mijadala, ilhali Tilman alikuwa mtu wa kimya, mwenye kuamka gizani na kuwaharakisha wenziwe. Shipton aliwapenda wanawake na kupendwa nao, naye Tilman hakuoa maisha yake yote. Hawakufanana, na walijua hivyo. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alijua mwenzake atatenda nini njia ikiisha.

Kutangulia si kufika

Mwaka wa 1935 Shipton aliongoza safari ndogo ya uchunguzi Everest kupitia Tibet, na Tilman akiwamo. Walivipanda vilele 26 vyenye urefu wa zaidi ya mita 6,000. Kabla ya kuondoka Darjeeling, Shipton alimchagua miongoni mwa wapagazi kijana mmoja ambaye hakuwa na cheti cha kazi, kwa kuvutiwa na tabasamu lake. Kijana huyo alikuwa Tenzing Norgay.

Mwaka uliofuata majaliwa yaliwatenga. Tilman aliachwa nje ya msafara wa Everest kwa kuwa alionekana kutoizoea hewa nyepesi ya juu. Shipton alikwenda na msafara huo, ukashindwa kwa sababu ya hali ya hewa. Wakati huo Tilman alijiunga na kundi la Waingereza na Wamarekani, na tarehe 29 Agosti 1936, yeye na Noel Odell walisimama kileleni mwa Nanda Devi, kwa mgongo ule ule uliokaguliwa mwaka wa 1934. Hadi mwaka wa 1950 hakuna kilele kirefu zaidi kilichofikiwa. Shipton, aliyeufungua mlango, hakuwapo. Hata hivyo, mwaka wa 1937 walikuwa pamoja tena katika mabonde ya Shaksgam, kaskazini mwa K2, wakijaza sehemu za ramani zilizokuwa tupu.

Kati ya mwaka wa 1940 na 1951 Shipton alihudumu kama balozi mdogo wa Uingereza huko China, kwanza Kashgar mara mbili, kisha Kunming. Alimwoa Diana Channer mwaka wa 1942 wakapata wana wawili. Tilman alimtembelea Kashgar, na mwaka wa 1947 wakakaribia kilele cha Muztagh Ata bila kukifikia.

Mwaka wa 1951, baada ya Nepali kuwafungulia wageni mipaka yake, Shipton aliongoza safari ya kuitafuta njia ya kusini ya Everest. Tilman alikuwa amelichungulia eneo hilo mwaka uliotangulia bila kupata matumaini. Tarehe 30 Septemba, Shipton akiwa na Edmund Hillary alipanda mteremko wa Pumori ulio mkabala na Everest, na kutoka hapo wakaiona njia nzima ikiwa wazi. Ndiyo njia wapitayo wengi hadi leo.

Mpanda ngazi hushuka. Kamati ya London ilimteua Shipton kuongoza safari ya mwaka wa 1953. Waswisi walikuwa wameshafika karibu sana na kilele mwaka wa 1952, na safari ya Shipton ya mwaka huo huo huko Cho Oyu haikufaulu. Kamati ikaingiwa na hofu. Shipton mwenyewe hakuficha kuwa anachukia misafara mikubwa na kwamba mashindano ya mataifa mlimani hayampendezi. Ukweli huo ulitumiwa dhidi yake. Mnamo Septemba 1952 alivuliwa uongozi, akapewa mwanajeshi John Hunt, mratibu hodari wa misafara mikubwa. Tarehe 29 Mei 1953, Hillary na Tenzing walifika kileleni. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa Shipton katika Himalaya, na mwingine alianza kazi mikononi mwake. Kutangulia si kufika.

Miaka ya mwisho

Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Aliisimamia kwa muda shule moja ya mafunzo ya nje, ndoa yake ikavunjika, akaiacha kazi, na kwa kipindi fulani mtu huyu aliyekuwa na nishani za wanajiografia akafanya kibarua cha misitu katika mashambani ya Uingereza. Lakini hakuwa mtu wa kulalama. Kuanzia mwaka wa 1958 alielekea Patagonia, ncha ya kusini ya Marekani ya Kusini. Katika msimu wa 1960 na 1961, akiwa na umri wa miaka 53, alivuka tandiko la barafu la kusini kwa siku 52 pamoja na wenzake watatu, wakikokota vyakula vyao wenyewe. Njia ilikuwa ile ile ya mwaka wa 1934, yaani watu wachache, mzigo mdogo, chungu kimoja.

Alifariki tarehe 28 Machi 1977 huko Wiltshire. Tilman alikuwa ameshaigeukia bahari, akisafiri kwa mashua za matanga hadi kwenye visiwa vya barafu. Mnamo Novemba mwaka huo huo wa 1977, akikaribia kutimiza miaka 80, alitweka kutoka Rio de Janeiro kuelekea visiwa vya Falkland akiwa baharia katika chombo cha kijana mmoja. Chombo hakikuonekana tena. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini kwa Tilman marejeo hayakuwapo.

Hitimisho

Bonde la Nanda Devi lilikuja kuvamiwa na misafara iliyokata miti na kuacha taka, hata serikali ya India ikalifanya mbuga ya taifa mwaka wa 1982 na kuufunga moyo wake kwa wapanda milima. Barafu ya Kirinyaga aliyoikanyaga Shipton mwaka wa 1929 nayo imeyeyuka, yamesalia mabaki. Tunapoyatazama hayo, ndipo tunapoona kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyodhaniwa. Alikuwa anauliza ni kiasi gani cha vitu mtu anahitaji ili aione dunia, na ni nani anayebeba vitu hivyo.

Hatumsifu ili tusahau ardhi ya Sotik. Tunamkumbuka kwa sababu alipopata nafasi ya kuwa bwana wa msafara, alichagua kuwa mmoja wa watano. Chaguo hilo lilimnyima Everest. Lilimpa bonde ambalo hakuna msafara wa kifalme ungeweza kulifikia, na rafiki ambaye hakuweza kumwita kwa jina lake la kwanza lakini aliyekuwa tayari kuushika mwisho wa pili wa kamba. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa safari ya elimu, na aliyewahi kuambiwa kuwa ni mzito wa akili, huenda hilo likawa la manufaa kuliko habari za kileleni.